Mama Povu Aomba Kupandishwa Daraja

Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na jina hilo halikumkera. Alianza udobi akiwa na beseni moja na mikono yake miwili, akifua uani kwa watu mpaka sabuni ikamchubua vidole. Sasa alikuwa na ukumbi mzima nyuma ya soko: mashine zinanguruma ukutani, meza ndefu ya kupigia pasi, na wanawake kadhaa wanaokunja mashuka ya nyumba za wageni kwa kasi kama wanaogawa karata. Lakini kwenye leseni bado aliandikwa vile vile: dobi mdogo.

Leseni ilipokaribia kuisha muda, aliketi na wifi yake, dada wa mumewe, aliyesimamia pasi na mambo yote ya ofisini.

"Tunahuisha kama kawaida," wifi alisema. "Dobi mdogo, mapato ya kubahatisha, basi. Turudi kwenye mashuka."

"Mwaka huu udogo siutaki, wifi. Nataka daraja la juu. Na mapato tuandike yote."

Wifi aliweka pasi chini. "Umelogwa? Wenzako wanaikimbia kodi hadi mvunguni, wewe unaipigia hodi!"

"Nilipokuwa sina, nilisema sina, na ilikuwa kweli. Sasa ninacho. Kwa nini niendelee kujiita maskini mbele ya karani?"

"Sifa zitakuua."

"Basi nizikwe nazo."

Asubuhi yake Mama Povu alikwenda ofisi za jiji peke yake. Kwenye foleni, mbele yake, muuza vipuri mmoja alikuwa akimlilia karani kwamba duka lake limekufa, huku simu zake mbili zikiita kwa zamu, wateja wakiulizia mzigo. Zamu ya Mama Povu ilipofika, karani, mama wa miwani, hakuinua hata uso.

"Shida yako?"

"Nataka kupanda."

"Kupanda wapi?"

"Daraja."

Hapo karani alivua miwani. "Mama, humu watu huja kuomba kushushwa."

"Hao wana sababu zao. Mimi nimekua."

Karani alimweleza bila kumficha: ada itaongezeka, ritani ya kodi, ile fomu ya mapato, itawasilishwa kila robo mwaka, na afisa biashara atakuja kukagua. Mama Povu akajibu neno moja tu: "Aje."

Afisa alikuja, mzee mkavu asiye na maneno mengi. Hakuzitazama mashine sana. Alichuchumaa kwenye mtaro.

"Maji haya yanaishia wapi?"

"Barabarani," Mama Povu alikiri.

"Dobi mdogo tunamvumilia. Kiwanda, hapana. Chimbeni shimo la maji machafu, ndipo nitie saini."

Alipoondoka, wifi alibetua midomo. "Nilikuambia. Umemwita nyoka, sasa mtengee kiti."

Lakini Mama Povu alikuwa amesikia jambo moja tu. "Kasema kiwanda, wifi. Umemsikia? Kiwanda!"

Wakaita mafundi, na mwenyewe akashika chepeo pamoja nao, gauni limefungwa kiunoni. Wifi alinuna siku ya kwanza. Siku ya pili akaja na chepeo lake, akidai kwamba mafundi wanachimba kivivu.

Afisa aliporudi alilikagua shimo, akagonga zege kwa kiatu, akatoa kalamu.

"Mwenye kiwanda ni nani?"

Mama Povu, ambaye kwa ulimi hakuwahi kushindwa na mteja yeyote, akawa anajifuta mikono kwenye gauni, mikono iliyokuwa mikavu. Ndipo kutoka kwenye meza ya pasi ikapaa sauti iliyozishinda mashine zote:

"Ni huyo hapo! Wifi yangu! Alianza na beseni huyo! Mwandike vizuri, baba, kwa herufi kubwa!"

Wanawake wote wakaacha mashuka wakapiga makofi. Afisa, mkavu vile vile, akacheka.

Ada ile iliuma, tusidanganyane. Mashine ya kukaushia aliyoitamani ilibidi isubiri, nguo zikaendelea kuanikwa kambani na kukimbizwa ndani kila wingu lilipotanda. Lakini siku aliyokabidhiwa leseni yenye maneno "Kiwanda cha Kufulia Nguo", Mama Povu aliisoma amesimama katikati ya ngazi za ofisi, watu wakimpita kushoto na kulia, akicheka peke yake hadi mlinzi akamfuata.

"Mama, u mzima?"

"Mzima, baba. Mzima kupita kiasi."

Robo mwaka ilipotimia, wifi hakutaka mtu mwingine apeleke ritani. Alivaa nguo zake za kutokea, akajipulizia marashi, akapita katikati ya soko polepole, akimsalimu kila mfanyabiashara. Waliomuuliza anakwenda harusi ya nani, aliwajibu kwa kidevu juu:

"Nakwenda kulipa kodi."