Wenye Miti wa Ganda

Lewa alifika Ganda asubuhi na mzani, magunia na habari njema, kama alivyoziita mwenyewe. Bwana wake, mfanyabiashara aliyenunua shamba lote kuanzia barabarani hadi bondeni, alikuwa anaandika vibarua wa kuokota korosho. Ujira ungelipwa kwa debe.

"Hata wewe mama nitakuandika," alimwambia shangazi yangu Kadii. "Naona bado una nguvu."

Shangazi alikuwa amesimama chini ya mkorosho alioupanda mwenyewe mwaka alioolewa. Aliutazama mti, akamtazama Lewa.

"Niokote korosho zangu, nikuletee wewe, kisha unilipe?"

"Shamba limenunuliwa, mama."

"Ardhi ndiyo iliyonunuliwa. Miti je?"

Hapo ndipo mnunuzi alipokosea. Kwetu pwani ardhi huweza kuwa ya mtu huyu, na miti iliyo juu yake ikawa ya mtu mwingine. Ukoo uliokuwa na ardhi ile kabla ya kumuuzia, watu wa Malindi mjini, ulijua miaka yote kwamba aliyepanda ndiye mwenye mti. Mgeni alinunua udongo akadhani amenunua na kivuli chake.

Kwa shangazi haya hayakuwa maneno ya kubishania tu. Alikuwa mjane, na korosho za msimu ule ndizo zingemrudisha binti yake, Mapenzi, shuleni mwezi wa Januari. Kama zingechukuliwa, Mapenzi angebaki nyumbani.

Ilikuwa mwaka 1985. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikifundisha shule ya harambee iliyokuwa karibu. Alasiri ile majirani walikusanyika uani kwa shangazi, nami nikawasomea kitabu kimoja kuhusu mali na kazi, nikikifasiri kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Siku zile kitabu cha namna hiyo kingeweza kumtia mtu ndani, kwa hiyo nilikuwa nimekivika karatasi ya kalenda ya zamani.

"Haya mwalimu, fungua kalenda," alisema Nzai, mgema jirani yetu, akijitupa mkekani. "Tuambie leo tunaibiwa tarehe ngapi."

Niliwasomea mahali nilipopapenda kuliko pote. Kwanza mtu hutenganishwa na kitu kinachomlisha. Kisha huajiriwa akihudumie kitu hicho hicho, kwa faida ya mwingine, na huambiwa ashukuru kwa kuwa amepewa kazi.

Nzai akakuna kichwa.

"Aliyeandika haya aliwahi kufika Ganda?"

"Hata Mombasa hakufika. Alikufa miaka mia iliyopita."

"Basi Lewa ana babu zake wengi."

Walicheka, lakini shangazi hakucheka. "Na huyo tajiri," aliuliza, "kitabu kinasema nguvu yake inatoka wapi?"

"Kwa wanaomfanyia kazi, shangazi. Bila wao, shamba lake ni majani yanayoota."

Akafikiri kidogo. "Basi twende tukaokote sote. Lakini kila korosho irudi kwa mwenye mti. Itakuwa mweria."

Mweria ni kazi ya pamoja: leo wote kwenye konde la mmoja, kesho kwa mwingine, na hakuna anayelipwa. Kila mtu pale aliifahamu tangu utotoni. Kilichonigusa ni kwamba yale niliyoyasoma chuoni kama ndoto ya siku zijazo yalikuwa na jina la Kigiriama.

Ndipo Nyevu akasema. Aliishi kwenye kibanda cha kuazima, yeye na wajukuu wake.

"Mimi sina hata mti mmoja. Ujira wa Lewa nauhitaji kuliko ninyi nyote."

Alituangalia mmoja mmoja.

"Lakini nikimwokotea leo kwa bei yake," akaendelea, "mwakani atanipa nusu, kwa sababu wenye miti mtakuwa kama mimi. Nitakuja."

Sijawahi kusikia hotuba iliyonishinda kwa ufupi na ukweli kama hiyo.

Kesho yake tuliokota tangu umande haujakauka, tukiimba na kutaniana. Nzai alimtania Lewa, aliyekuwa akingoja kando ya mzani wake, asimamie vizuri asije akaibiwa. Jua lilipokuwa utosini, mzani ulining'inia mtupu.

"Korosho ziko wapi?" Lewa aliuliza.

"Zimekwenda kwao," Nzai akamjibu.

"Mnacheza na serikali! Nani anawafundisha haya? Nasikia kuna mwalimu."

Hakuna jicho hata moja lililogeuka upande wangu.

"Sisi tunafundishwa na njaa, baba," alisema Nyevu. "Mkamate huyo."

Shangazi alimsogelea Lewa, akasema naye kwa upole. "Wewe ni mtu wa Mariakani. Minazi ya mamako imesimama kwenye ardhi ya nani?"

Lewa aliinamisha uso. Akaufungua mzani kutoka kwenye tawi, akakunja magunia yake. "Nitamwambia bwana," alisema, akaondoka.

Korosho ziliuzwa, kila mwenye mti akamkatia Nyevu fungu. Januari ilipofika, Mapenzi alipanda basi la shule na sanduku lake. Mgogoro na mnunuzi haukuwa umeisha, wala sikujidanganya kwamba utaisha upesi. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba yale yaliyomo kitabuni yana uhai.

Siku chache baadaye Lewa alirudi, mara hii bila mzani.

"Bwana anataka kuzungumza na wenye miti," alisema.

Wenye miti! Neno hilo lilimtoka kinywani mwenyewe.

"Aje," shangazi akamjibu. "Atatukuta sote hapa, na Nyevu."

"Nyevu hana mti, mama."

"Ndiyo maana atasema wa kwanza."