Mmea Mama Namba Ishirini na Saba

...kesho litakuwa limeshafunguka, limejimwagia chavua yake lenyewe na kazi itakuwa bure, kwa hiyo ni leo, ni asubuhi hii, shika kibano vizuri Rehana, ua ni hili hapa mbele ya macho yako, limefumba bado, ncha yake ndiyo imeanza kugeuka rangi ya waridi, unapasua ubavu taratibu, unang'oa vichwa vya chavua kimoja kimoja, unahesabu mpaka vitano, kikibaki hata kimoja ua litajizalisha lenyewe, halafu unapaka chavua ya mmea baba, unafunika kwa mfuko wa karatasi, Ndila anafunga uzi na kutundika lebo, kwisha, kitu nilichokifanya mara elfu tangu nije shamba hili, kitu ninachoweza kukifanya huku nikiwaza nitapika nini jioni, na leo kibano kimesimama hewani kana kwamba mkono si wangu... "Rehana! Mama ni ishirini na saba, si ndiyo?" Huyo ni Mutunga, meneja, amesimama kule mwanzo wa safu na simu sikioni, hataki kuchafua viatu, mvua ya jana imelowesha kila kitu, ukigusa jani tu linakumwagia maji mpaka kwenye kiwiko, "Dakika moja!" nimejibu, dakika moja ya nini, jibu analijua, sote tunalijua, wageni wa kampuni wanafika saa nne na wanataka kukuta mfuko umefungwa na namba imeandikwa, mmea mama ishirini na saba, mmea baba tisa, tumbaku mpya chotara kutoka Masii, na jina langu chini yake, Rehana Ayub, mtaalamu wa mbegu, miaka saba.

"Madam, niandike?" Ndila yuko hapa ubavuni mwangu, trei ya lebo kiunoni, penseli mdomoni, toa penseli mdomoni Ndila, vidole vyako vimegusa majani, lakini nasema "Ngoja kidogo," naye anangoja, ana subira ya mtu aliyezoea kungojeshwa, matone yanatiririka kwenye mikono yake mitupu, mimi nimevaa glavu, za buluu, mpaka kwenye kifundo, yeye hana, glavu ni za kazi ya maua, alisema Mutunga mwaka jana, si za kushika trei wala kuvuna, na mimi nilinyamaza kwa sababu boksi lilikuwa moja... ule ulimbo mweusi wa tumbaku kwenye vidole vyake, hautoki kwa sabuni, wanausugua kwa mchanga kabla ya kwenda nyumbani kushika watoto. Na mmea wenyewe jinsi ulivyo mzuri, Mungu anisamehe, niutazame nisiutazame ni mzuri, niliupata mwaka wa pili katikati ya mimea mia sita iliyokuwa ya kawaida tu, wenyewe umesimama kama msichana mrefu kwenye foleni ya shule, majani ishirini na sita, mapana, mazito, kila mwaka nimepanda mbegu zake, nimechagua bora katika bora, nimetupa mingine, hadi sasa unatoa tani tatu na nusu kwa hekta na mbegu za wakulima hazifiki mbili, jani moja la chini ungeweza kumfunikia mtoto mchanga... hapana, si hilo, ondoa hilo kichwani, fikiria uzito, fikiria urefu wa shina, baba aliniuliza siku ya kwanza, dukani kwake Machakos mjini, mita ya kupimia vitambaa ikiwa shingoni, tumbaku Rehana, katika mimea yote ya Mwenyezi Mungu, nami nikamwambia baba, hii ni sayansi, kuchagua wazazi wa mmea ni kulekule iwe mahindi iwe tumbaku, unachukua nguvu ya huyu na ustahimilivu wa yule, chotara siku zote hushinda wazazi wake, akacheka, akasema basi ndiyo maana wewe ni mbishi, baba Mswahili wa Lamu na mama Mkamba wa Kangundo, nikacheka pia, na hakuuliza tena mpaka leo.

"Madam, nikae chini kidogo?" "Una nini?" "Hakuna. Niko sawa. Ni hii mimba tu, asubuhi inanisumbua," ameshusha sauti Mutunga asisikie, aliniambia leo langoni, mimi wa kwanza hata kabla ya mume wake Kimanzi, miezi mitatu madam, usiambie mtu, mara hii nimeamua niwe mwangalifu, mara hii sili maharagwe hata moja, na alitabasamu aliposema hivyo, nami nikasema hongera, nikamshika bega, nikasema hongera mara mbili, kisha nikampa trei aibebe... nilimpa trei. Kwa mkono wangu. Majani yakiwa yamelowa. Na najua.

Ilikuwa Novemba, mvua kama hii, wanawake kumi na watano walianza kuvuna alfajiri, Mutunga alitaka jani liingie kabla halijaharibika, walikuwa wamelowa mpaka kwenye chupi, majani wameyakumbatia kifuani kama kuni, na kufika saa tatu mmoja wao, Winfred, alikaa chini katikati ya safu, nikadhani amechoka, akatapika, halafu mwingine, halafu wengine, kumi na mmoja kwa jumla, wanashika vichwa wanasema dunia inazunguka, wanatokwa jasho kwenye baridi ile, na Ndila alikuwa na mimba ya miezi minne, nilimshika paji la uso akitapika maji matupu ya njano, akaniambia madam naskia kama nakufa, tukawabeba kwa pikapu mpaka zahanati, kufikia saa kumi alasiri damu ilikuwa imeanza, na usiku ule hapakuwa na mimba tena. Na nani alikuwa amepika? Walikuwa wakipokezana, kila siku mmoja analeta chakula cha wote kuliwa kabla ya kuanza kazi, na siku ile ilikuwa zamu ya Ndila, isyo, mahindi na maharagwe ya jana yake, sufuria kubwa kaibeba kichwani kutoka nyumbani... basi ikawa isyo. Hakuna aliyeuliza zaidi. Ilikuwa imelala, walisema, ilikuwa na harufu, wakasema, baada ya siku mbili kila mmoja alikumbuka harufu. Ndila mwenyewe aliikumbuka.

Lakini wanne hawakuugua. Nililiona hilo siku ileile, niliona kwa sababu kazi yangu ni kuona huyu ametofautianaje na yule, wanne walikula isyo ileile, sufuria ileile, mmoja aliongeza hata sahani ya pili, na hawakutapika, na wale wanne walikuwa wamevuna upande wa namba tisa, na wale kumi na mmoja wote walikuwa kwenye ishirini na saba. Siku mbili baadaye maabara ikaleta matokeo ya majani, karatasi moja, nikaisoma nimesimama, nikotini ya ishirini na saba mara mbili ya kawaida na zaidi, nilikuwa nimechagua uzito miaka yote na sikupima sumu, nilichagua jani kubwa na jani kubwa likaja na hilo ndani yake, na jani likilowa sumu inatoka na maji na kupita kwenye ngozi, inaingia mwilini bila mtu kuweka kitu mdomoni, haya nilifundishwa, yamo vitabuni, niliyajibu kwenye mtihani. Labda mimba ingetoka hata hivyo. Hakuna daktari atakayeapa. Hilo nimeliweka pembeni ya kitanda kama dawa, labda ingetoka hata hivyo, nalimeza kila siku na halifanyi kazi tena... Nilimpelekea Mutunga karatasi ile, alifunga mlango, hakukasirika, heri angekasirika, alisema kwa upole, "Rehana, wewe andika chakula. Ukiandika jani, hili shamba linafungwa, na hao akina mama wote wanaenda nyumbani, utawalisha wewe?" na nikaandika chakula. Wafanyakazi kumi na mmoja waliugua baada ya kula chakula kilichoharibika. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

"Madam, hili ua halifai?" "Linafaa." "Naona umelitazama sana." "Nalipima tu." Anacheka kidogo, anafuta mdomo kwa nyuma ya mkono, usifute mdomo Ndila, "Mimi naonanga yote ni sawa tu, wewe uko na macho yako," anasema, nami namwangalia usoni, rangi ya midomo yake si nzuri, kuna jasho juu ya mdomo na jua halijachoma bado, ni mimba, wanawake wenye mimba hutoka jasho, ni mimba tu, au ni dakika arobaini amesimama kwenye majani haya akiyasukuma kwa kiuno na kwa mapaja, kitenge chote kimelowa kimemshika tumboni.

Tangu siku ile hakuna anayekula kwake. Hilo ndilo lililobaki, hilo ndilo sikuwaza nilipokuwa natia sahihi, nilidhani chakula ni neno dogo, chakula hakina mwenyewe, lakini kilikuwa na mwenyewe, kilikuwa na jina, Winfred alipofiwa na mama yake wanawake wote wa huko walienda kupika na Ndila akaambiwa wewe chota maji, akachota maji siku tatu, hakuna aliyemtukana, walimwita dada, walimpa mtungi tu. Mama mkwe wake hupika chake kando. Sufuria aliitoa kwa wanunuzi wa vyuma, aliniambia mwenyewe, aliwapa tu waondoke nayo, akasema madam mimi ndiyo nilimuua mtoto wangu kwa mkono wangu, ningeamka mapema nipike mpya, ni uvivu tu ulinishika, akasema hayo bila kulia huku akiosha vikombe, nilikuwa nimempelekea sukari na maziwa, akanipikia chai, akasimama mlangoni akiangalia nje ili asinione nikiiacha, nikainywa yote, na aligeuka akaona kikombe kitupu akasema Mungu akubariki madam, wewe peke yako umekunywa chai yangu... na nilikunywa kwa sababu nilijua. Si huruma. Nilijua haina kitu. Mtu mmoja tu katika Masii nzima aliyejua chai ile ni salama aliketi pale akainywa na kupokea baraka.

"Rehana! Wageni wamepita Kithimani!" Mutunga amekata simu, anakuja, anachagua pa kukanyaga, "Ndila, andika bwana, mnangoja nini?" na Ndila anainamia trei, anaandika, naona namba ikitoka, mbili, saba, mwandiko wa shule ya msingi, wa kujitahidi, na mimi bado nimeshika kibano, milimita mbili kutoka kwenye ua, hakijaligusa. Naweza kusema mama awe namba tisa, nitasema nini wakiuliza, tisa ni nyepesi, wataona kwenye mizani, na hata nikikataa Mutunga ana mbegu za ishirini na saba kwenye friji ya ofisi, kopo dogo, mbegu za tumbaku ni kama vumbi la ugoro, kijiko kimoja kinatosha kijiji, atampata mwingine wa kushika kibano, wiki iliyopita alishawapa wakulima wa mtoni kidogo wajaribu, alisema kidogo tu, vitalu vitakuwa vimeota tayari, watu wanamwagilia maji jioni, wanafurahi jinsi inavyokua haraka. Hilo siwezi kulirudisha. Nilidhani asubuhi hii kazi yangu ilikuwa kuchagua, nilikuja na daftari, nilipanga hata maneno ya kuwaambia wageni, nusu ya safari nilijiambia nitapunguza nikotini kizazi kijacho, nitachanganya tena na tisa, na tena, miaka minne tu, mitano, wakati huo watavuna kwa uangalifu... nani atavuna kwa uangalifu, kwa glavu zipi, Ndila atakuwa wapi miaka mitano, na huyu wa miezi mitatu.

Wakijua watanifukuza. Watanifukuza na shamba litafungwa na wanawake wataniuliza kwa nini hukusema Novemba, na Kimanzi anaweza kunijia na panga na sitamlaumu, na baba atasikia dukani. Vitu hivyo vyote vipo, navitazama kimoja kimoja, vinakuja, havitanipita. Hofu niliyokuwa nayo miezi hii yote nilidhani ni ya vitu hivyo. Si ya hivyo. Ni ya uso wake, huu hapa, ulioinama juu ya lebo, siku utakapojua kwamba nilikunywa chai ile nikijua.

Ua bado limefumba. Mutunga yuko safu tatu kutoka hapa, nasikia matope yakinyonya viatu vyake. "Ndila, weka trei chini," nasema, "utoke kwenye haya majani, simama pale barabarani," na yeye anashangaa, "Nimekosea kuandika?" "Hujakosea," hujakosea kitu Ndila, hujawahi, na ninavua glavu, sijui kwa nini nazivua, na sauti yangu inatoka kubwa kuliko nilivyotaka, Mutunga anasimama, "Ndila, haikuwa isyo yako," naye ananiangalia kwa adabu, akitabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri na anaona aibu kuuliza tena, namba imo mkononi mwake, "Isyo gani, madam?"