Chakula cha Mkono Wangu

Ugonjwa ulimkamata mume wangu upande wa kushoto: mkono, mguu, hadi bega. Ulimi haukuguswa. Nasema hivi mapema ili msije mkamhurumia pasipostahili. Athanase alisema vizuri kabisa. Aliitisha maji, aliitisha redio, alimkemea binti yetu Estelle kwa kelele zake, na kila neno lilikuwa mahali pake. Mguu tu ndio uliosahau kazi.

Kine wa hospitali, yule anayewafanyisha wagonjwa mazoezi, alituambia wazi kwamba mguu hufundishwa upya miezi hii ya kwanza, na ukiuacha ulale, utalala moja kwa moja. Dawa yake ni baiskeli, alisema, lakini baiskeli isiyokwenda popote. Nikarudi nyumbani nikaitazama baiskeli ya Athanase iliyoegemea ukuta. Naijua kama mtu anavyomjua mke mwenzake. Kila asubuhi alikwenda nayo shuleni, ambako ni karani, na Jumamosi alikwenda nayo hadi ziwa la Tshangalele kutuletea samaki. Akirudi, aliupangusa mnyororo kwanza, kisha ndipo akanisalimia mimi.

Nikamwita Ricky, fundi wa baiskeli wa hapa Kikula. Alichomelea miguu miwili ya chuma kutoka kitanda kibovu, akaiinua ile baiskeli mpaka gurudumu la nyuma likabaki hewani. Tangu hapo alipita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake. Tulimpandisha Athanase, mimi kwapa moja, yeye kwapa jingine, kisha Ricky alipiga magoti akaufunga ule mguu mzito kwenye pedali kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu. Athanase akakanyaga. Mwanzoni mguu wa kulia ulikuwa unamburuta mwenzake tu. Kisha asubuhi moja, mkono wangu ukiwa juu ya goti la kushoto, nikausikia mguu ukisukuma wenyewe. Nilikwenda jikoni nikalia.

Jumatatu akafika Yaya Germaine.

Germaine ni dada mkubwa wa Athanase, na kwetu dada mkubwa huitwa yaya. Anakaa Lubumbashi, na alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kutusaidia. Alitukuta uani: Ricky amepiga magoti, mimi nimemshika Athanase kiunoni, na wote watatu tunacheka.

"Ricky, tumefika ku Tshangalele?" Athanase alikuwa ameuliza.

"Bado, papa. Tungali mu Kikula tu."

Germaine hakucheka. Alisimama na mfuko wake kichwani mpaka Ricky akaaga. Jioni, baada ya kupita kwa majirani kusalimia, aliniita.

"Ule kijana anakuyaka apa kila siku?"

"Kila siku, yaya. Njo ye anafungaka mguu."

"Na siku ya marché? Banasema ulikaa nyuma ya kinga yake, ukamukamata mu kiuno."

Kweli, nilitoka sokoni na mfuko wa unga, Ricky akapita na hiyo kinga, baiskeli yake, akanibeba. "Yaya, ningekamata nini?" nikamwuliza. "Upepo?"

Asubuhi ya Jumanne akatoa hukumu. Tshibawu.

Sisi ni watu wa Kasai. Babu zetu waliletwa huku kwa kazi ya migodi, wakapoteza mengi njiani, lakini tshibawu hawakuipoteza. Mke akimkosea mumewe na mwanaume mwingine, kisha akampikia, chakula kile kinamgeukia mume. Anaugua, na mke asipoungama, mume anakufa. Wako watu wa mjini wanaocheka habari hizi. Mimi sicheki. Nimekua nayo na ninaiamini, na kama ningekuwa na kosa, nisingethubutu kumpa Athanase hata kikombe cha maji. Ndiyo maana hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Huyu mwanamke aliniita muuaji ndani ya nyumba yangu, mbele ya mtu ninayemwosha kwa mikono hii.

"Tokea leo," Germaine akasema, "ndugu yangu hatakula tena kintu ya mukono yako. Mupaka utasema jina ya ule mwanaume."

Nikamtazama Athanase. Alikuwa palepale, kwenye kiti chake, analichunguza goti lake kana kwamba limeandikwa kitu. Ulimi, nawakumbusha, ulikuwa mzima.

Basi Germaine akawasha mbabula, jiko lake mwenyewe, uani, makaa yake mwenyewe, sufuria yake mwenyewe. Unga wangu pia aliuogopa, kwa hiyo kila mchana alikwenda sokoni kununua wake. Na upishi wake, Mungu anisamehe, ni adhabu. Bukari yake, ule ugali wetu, ina mabonge, na matamba yake, majani ya muhogo, yanasaga meno. Lango lilipofungwa tu nyuma yake siku ile, nikasikia sauti kutoka chumbani.

"Mama Estelle! Ile matamba yako ya jana, imebakia?"

Nikampelekea. Alikula mpaka akalamba vidole. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, "Weye unajua minye siko na kosa?"

"Ninajua."

"Basi sema."

"Nitasema. Yaya iko na hasira leo. Tumuache apoe."

Jumatano yaya alikuwa hajapoa. Alhamisi pia hajapoa. Na kila mchana sahani ilirudi nyeupe. Sijui kama mnaelewa uchungu wa jambo hili. Kwetu, mume anayekula chakula chako wakati umetajiwa tshibawu amekutangaza kuwa huna hatia. Hakuna hakimu anayelipita tumbo lake. Athanase alinitangaza kila siku, lakini chumbani, mlango umefungwa. Nje aliniacha nitembee na jina la mzinzi, wanawake wa bombani wakinipisha njia kama nimebeba maji machafu.

Hiyo Jumatano Ricky alifika kama kawaida. Germaine alimpokea langoni na mwiko mkononi, akamwambia maneno ambayo sitayarudia. Kisha akaivuta baiskeli kutoka kwenye miguu yake ya chuma.

"Kinga njo inaletaka mwanaume mu hii nyumba," alisema.

Aliikamata usukani, mimi nikaikamata kiti. Tukavutana uani, wanawake wazima wawili, kitambaa chake cha kichwa kimeanguka, kandambili yangu moja imekatika. Na Athanase, aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka hapo, hatimaye akafungua mdomo. Nikadhani, sasa.

"Bamama, acheni makelele. Bajirani banasikia."

Nikakiachia kiti. Germaine akaisukuma baiskeli hadi chumba alicholala, akaifunga kwa mnyororo kwenye kitanda.

Ijumaa goti likakaza. Wiki moja nyuma Athanase alifika chooni akiegemea bega langu tu. Sasa tulihitajika wawili, na mguu ukiburuta mchanga. Nililikanda kwa maji ya moto, nikalisugua, halikutaka kunisikia. Germaine alisimama juu yangu amekunja mikono.

"Unaona? Tshibawu inapanda. Sema, mama. Utamuua."

Wamemnyang'anya mtu dawa, kisha wananiuliza mimi kwa nini haponi! Nilitaka kumrushia lile beseni. Sikumrushia kwa sababu maji yalikuwa ya moto na makaa yalikuwa yangu.

Jumamosi Germaine alikwenda kumwita Papa Adolphe, baba mdogo wa Athanase, aje aamue mambo Jumapili baada ya misa. Nikapata nafasi ya kuketi kitandani na mume wangu.

"Kesho wataniambia niseme jina," nikamwambia. "Jina sina. Nisiposema, watanirudisha kwetu. Nitaenda, na Estelle nitaenda naye. Ule mguu utalala, na utabakia na bukari ya yaya yako mupaka kufa."

Macho yake yalijaa machozi. "Mama alikufa nikiwa mutoto. Yaya njo alinikomalishaka. Namna gani nitamupinga mbele ya bantu?"

"Na minye? Nani anakuosha?"

Nilitoka nikaenda kupara samaki wa Tshangalele niliyemnunua sokoni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kupara.

Jumapili Papa Adolphe alifika na suti yake ya kahawia, akapewa kiti chenye mikono. Germaine alikuwa bado amevaa kitenge chake cha kanisa, cha Bamama Wakatoliki, kimepigwa pasi mpaka kinasimama chenyewe. Mimi nikakaa kwenye mkeka na Estelle. Nyuma ya ua nilijua majirani wamejipanga. Walikuwa wameacha hata kutwanga.

"Mama Estelle, mutoto yangu," Papa Adolphe alianza, na alisema kwa upole, namshukuru kwa hilo. "Hatukukuya kukuonea. Sema tu. Ukisema, tutachinja kuku, mambo itakwisha, na bwana yako atapona."

"Papa, minye siko na kosa. Muulize ye."

Wote tukamgeukia Athanase. Yeye akamgeukia Germaine. Kisha akarudi kwenye lile goti lake, goti ambalo wiki nzima lilikuwa limemtunzia siri. Nilimngoja. Nilimngoja mpaka Papa Adolphe akakohoa.

"Lakini papa alikula..." Estelle akaanza.

Nikamziba mdomo kwa kiganja. "Nyamaza. Hii haiko mambo ya mutoto."

Najua, maneno yale matatu yangeniokoa. Sikutaka kuokolewa na mtoto wa miaka sita wakati baba yake ana kinywa. Niliinuka, nikaenda jikoni, nikarudi na bukari na yule samaki wa Tshangalele niliyempika kabla ya misa. Nikaweka sahani kwenye kigoda mbele ya Athanase. Nikamletea maji ya kunawa.

Germaine aliruka kitini. "Athanase, usiguse! Papa, anataka kumuua mbele yetu!"

Athanase aliitazama sahani. Akanitazama mimi, na nadhani aliona kwamba mfuko wangu na wa Estelle ulikuwa tayari mlangoni.

"Yaya, kaa," akasema.

"Nini?"

"Kaa. Nilikulaka chakula yake. Tokea Jumanne. Kila siku, weye ukiendaka ku marché."

"Ulikula?" Papa Adolphe akainama mbele.

"Nilikula, papa, na niko muzima. Kama angekuwa na kosa, leo mungekuwa munalia kilio apa." Akanawa ule mkono wa kulia, akamega tonge, akachovya, akatafuna mbele ya wote.

Papa Adolphe akacheka mpaka tai ikamkaba. Nyuma ya ua mtu alipiga kigelegele. "Affaire imekwisha!" Papa Adolphe akasema. "Germaine, kuku utaleta weye."

Germaine hakusikia habari ya kuku. Alikuwa anamtazama mdogo wake. "Na juu ya nini haukusema?"

Kwa mara ya kwanza wiki ile, mimi na Germaine tulikuwa tunangoja jibu moja.

"Nilikuogopa, yaya."

Kisha akanigeukia mimi akitabasamu, kama mtoto aliyemaliza kuoga bila kuambiwa. Alingoja nimsifu. Nilimpenda mtu yule, bado nampenda, lakini sifa sikuwa nazo. Nililitazama goti lake lililokaza kama kuni. Siku zile zilizopotea, nani angemrudishia?

"Yaya, lete kinga," nikasema.

Alikwenda. Tulisikia mnyororo ukianguka sakafuni. Aliisukuma baiskeli hadi uani, tukaiweka kwenye miguu yake, na mimi na Papa Adolphe tukampandisha Athanase. Mguu wa kushoto ulining'inia kando ya pedali.

"Mama Estelle," Athanase akasema polepole, "nifunge."

Nilikuwa nimeshachukua sahani yake na kuketi kwenye kiti cha Papa Adolphe, kile chenye mikono.

"Muombe yaya."

Germaine aliutazama mchanga, kisha kitenge chake, kisha ua ambao sasa ulikuwa na vichwa juu yake. Akapiga magoti palepale Ricky alipokuwa anapiga magoti. Akaokota kile kipande cha mpira, akakizungusha kwenye mguu wa ndugu yake, kwa vidole vyepesi, kama mtu anayefunga mzigo usio wake.

"Kaza, yaya," nikamwambia, nikimega bukari iliyobaki. "Usiogope. Kaza."