Kisiwa cha Mama

Mama alitaka kukiona kisiwa alikozaliwa kabla hajafa. Daktari alisema zimebaki wiki chache, kwa hiyo baba alikodi gari lenye vitanda na jiko ndani, tukaenda naye hadi pwani ya Wales. Tulikuwa na siku moja tu, kwani kesho yake alitakiwa kulazwa. Tulifika mvua ikinyesha. Mahali pa kisiwa palikuwa na ukungu mtupu.

Kwetu watu hawaahirishi matembezi kwa sababu ya mvua. Baba aliegesha gari likielekea baharini, akachemsha chai, akagawa sandwichi za mayai, tukakaa kungoja.

"Kunatakata kule, Mererid," baba alimwambia mama.

"Wapi, Gwilym? Hayo mawingu yanapokezana zamu tu."

"Baba, huyo alizaliwa hapa," alisema kaka yangu Iestyn. "Utamdanganya nini?"

Mama alicheka, kisha akakohoa mpaka nikampokea kikombe.

Saa nane baba alisema tena kwamba kunatakata. Saa kumi alisema tena, kwa sauti ndogo, na safari hii hakuna aliyemtania.

Viti vya mbele vya gari lile vilikuwa vya kuzunguka.

"Nigeuze, mwanangu," mama aliniambia. "Nimechoka kuangalia."

Nikamgeuza. Akaipa bahari kisogo, akafumba macho. Kando yake baba aliendelea kufuta kioo kwa mkono wa sweta.