Waliolelewa Tumboni mwa Perege

Asubuhi, kwenye meza ya saruji kando ya bwawa, mfugaji wa samaki alimpasua perege wa kwanza, akatoa utumbo, nao utumbo ukamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, maana salamu haikataliwi. Sauti zilikuwa nyingi, nyembamba, kama za darasa la chekechea. "Ninyi ni nani?"

"Bakteria wa humu tumboni. Wewe ndiye uliyetulea."

Hakubisha. Tangu samaki waanze kufa, alikuwa akitwanga vidonge vya antibiotiki, vilevile wanavyomeza watu, na kuvichanganya kwenye chakula cha samaki. Bakteria wanyonge walikwisha kufa. Hawa walikuwa wajukuu wa waliobaki, na adabu walikuwa nayo. Akawamwagia maji, wakaenda na magamba mferejini.

Ng'ambo ya meza, mdogo wake alichomwa kidole na mwiba wa pezi. "Kitu kidogo tu," akasema, akakifunga kitambaa.

Kidole kikavimba, kiganja kikafuata. Hospitalini daktari alibadilisha dawa, akabadilisha tena.

"Vijidudu hivi vinatafuna dawa kama karanga," akasema. "Sijui vimesomea wapi."

Mfugaji akatazama dirishani. Daktari alipotoka, sauti zikatoka ndani ya bendeji.

"Shikamoo, mama."

Hakugeuka. Wakarudia kwa nguvu, wakidhani hakusikia.

"Dada, si wanakuamkia wewe?" mgonjwa akauliza.

"Wamenifananisha."

Bendeji ikatulia, kama watoto waliokanwa mbele ya wageni. Mfugaji akamnywesha mdogo wake maji, akiangalia kikombe tu, asiyaone macho yake.

Kidole kilikatwa, na kingine cha kando yake pia. Homa ikashuka. Siku mdogo wake aliporudi bwawani, perege kadhaa walikuwa wakielea chali. Mfugaji alikuwa amesimama na kinu, vidonge vimo ndani, mchi haujagusa kitu.

"Mdogo wangu," akaanza. "Mkono wako huo..."

"Najua unanionea huruma." Mdogo wake akacheka, akalivuta beseni la chakula kwa mkono mzima. "Acha, dada. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Twanga basi, hawa wakifa tutakula nini?"

Mfugaji aliuinua mchi. Kisha akatwanga, na mdogo wake akakoroga.