Mbio za Mama Akiwa Amekaa

Kwa mujibu wa saa aliyovaa mkononi, mchana ule mama alikuwa amepanda mlima. Nilisimama mbele yake na vumbi la sponji nywelini, nikaishika mikono yake kutafuta povu la sabuni, jasho, chochote. Ilikuwa mikavu.

"Umefua nini leo?"

"Sijafua kitu."

Sikumwamini. Daktari wa upasuaji alishasema wazi: uvimbe wa tumboni lazima utolewe, lakini mwili ule uliobaki mifupa haungestahimili kisu. Anenepe kwanza, na asichelewe, kwa sababu uvimbe nao haukuwa umelala. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilimpikia, nikambembeleza, nikamfokea. Mimi kitinda mimba, niliyelelewa kwa kubembelezwa nimalize sahani, sasa ndimi niliyekaa mbele yake na kijiko.

Saa ilitoka kwa kaka, anayeishi mbali na anayependa kumaliza mambo kwa simu. Alituma hiyo saa ya mazoezi ya mkononi, akasema itatuonyesha mama anachoma kalori kiasi gani, nasi tumlishe zaidi ya hapo. Nilipomuuliza inajuaje, alinieleza kwa ile sauti yake ya ukaka: inachukua umri, urefu, uzito na jinsia, inapiga hesabu kupata kile mtu anachochoma akiwa amelala tu, kisha inaongeza kwa kusikiliza mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono. Nikamwambia basi inabahatisha. Akakata simu.

Na uzito aliojaza alikuwa ameutoa kichwani. Alimjaza mama yule wa zamani, ambaye akikaa kwenye benchi wenzake husogea. Saa ilikuwa ikimhesabia mtu ambaye hatukuwa naye tena. Nilipogundua nililia kidogo jikoni, nikarekebisha, hesabu ikashuka. Ila ile ya mchana iligoma kushuka. Kila siku, nikiwa karakana nikivalisha makochi ya watu, saa ilidai mama yuko mbioni. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, hakujua kukaa bure, na nikaamini ananizunguka. Nikaficha beseni. Cherehani nikaifunga kwa kufuli.

Basi siku moja niliacha kochi la mteja likiwa uchi, nikarudi nyumbani mapema ili nimfumanie. Sikubisha hodi.

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, amevaa viatu. Redio ilikuwa imezimwa. Hakuwa akifanya chochote. Nilipiga magoti nikaisoma saa, na moyo wake ulikuwa ukienda kama wa mtu anayefukuzwa.

"Mama, unafanya nini?"

Aliviangalia viatu vyake. "Ukishafunga ule mlango asubuhi, naogopa," akasema. "Moyo unakimbia, mwanangu. Mimi siendi popote, unakimbia wenyewe."

Hasira yote ikaniisha. Saa ilisikia moyo ukidunda, ikadhani ni mazoezi, maana katika yale maswali aliyojaza kaka hapakuwa na mahali pa kujaza hofu. Nami, pamoja na vijiko vyangu vyote, sikuwa nimemuuliza.

Kesho yake nilimchukua tukaenda karakana. Nilimkalisha kwenye kochi lililokuwa likisubiri kitambaa, nikampa koleo ang'oe pini kuukuu kwenye fremu. Kabla ya chai alikuwa ameshaanza kukosoa mishono yetu. Mafundi wenzangu, watu wasio na haya, wakampachika jina la Meneja, na walipokula naye akala, akilalamika kwamba mayai hayana chumvi huku akichukua la pili. Mkono wake ulitikisika kutwa kwa kazi, lakini moyo ulitulia. Nikaacha kuisoma saa, nikawa naangalia mashavu. Yalirudi polepole, si yote, ila ya kumtosha daktari.

Asubuhi ya upasuaji muuguzi alisema kila kitu kivuliwe. Mama aliivua saa, akanivalisha mwenyewe, akakaza mkanda wake kama aliyekuwa akinifunga kiatu cha shule. Wakamsukuma ndani, milango ikajifunga, nami nikabaki kwenye benchi la ukutani. Kaka alipiga simu tena na tena, nikaiacha ilie. Sikunywa maji, sikuinuka hata kujinyoosha, nilikuwa naangalia ile milango tu. Wakati fulani saa ilitetemeka mkononi, maandishi yakapita: hongera, umetimiza lengo lako la mazoezi la leo.

Jioni waliniruhusu niingie. Midomo yake ilikuwa imekauka na macho yalikuwa mazito, lakini mkono wake ulipapasa shuka mpaka ukaupata wangu, ukaikuta saa.

"Ulikimbia sana?" akanong'ona.

"Sana, mama."

"Basi kaa," akasema, akinisogezea nafasi kitandani. Nikakaa.