Udhuru wa Ruthi

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumuiya ya Mtakatifu Monika ya Chumbageni ilikuwa kwa Dorkasi, katikati ya rozari, pale Ruthi alipopiga hodi, akavua kandambili na kuketi mkekani karibu na kabati la vyombo. Alikuwa amezikwa Jumanne. Mwenyekiti, mzee Kristofa, alikunja magoti kumpisha na rozari ikaendelea, maana tendo la nne halikatizwi kwa ajili ya mtu aliyechelewa.

Dorkasi, ambaye ndiye katibu, alifungua daftari la mahudhurio. Jina la Ruthi alikuwa ameshalipiga mstari. Akaliandika upya chini ya wenzake, akaliwekea alama ya vema.

Daftari hilo ndilo lililomzika Ruthi vile alivyozikwa. Kila Mkatoliki wa mtaa ule anajua: asiyeshiriki jumuiya, siku yake ikifika, jumuiya haimjui. Ruthi alikuwa na X thelathini na moja mfululizo. Kristofa alizisoma, akatikisa kichwa, akamwambia paroko kwamba hana la kumwombea. Basi hakukuwa na padri, wala ibada, wala hata wimbo mmoja. Jeneza lilibebwa na Mwinyijuma wa nyumba ya pili na Waislamu wenzake, ambao hawakujua huyu aimbiwe nini, wakaenda kimya.

Alilokuwa halijui Kristofa, Dorkasi alilijua. Kila Ijumaa Ruthi alikwenda Maramba kumwogesha mama yake aliyepooza, akarudi Jumapili jioni. Alimwomba Dorkasi, "Niandikie udhuru, mwenzangu," na Dorkasi akaitikia sawa. Hakuandika. Kabla ya hapo, miaka tisa hao wawili walibaki baada ya sala kunywa chai ya tangawizi mpaka jua likawa kali, na tangu mumewe afe, hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee katika wiki ambayo mtu alikaa na Dorkasi bila kutazama mlango. Ruthi alipoacha kuja, Dorkasi alinuna. Aliumia, tuseme ukweli. Akamchapa X, na wiki iliyofuata nyingine, na kila moja ilimtuliza kidogo.

Wanajumuiya walipotawanyika Ruthi alibaki. Dorkasi alimimina vikombe viwili. Cha Ruthi hakikupungua, ila alikishika vizuri kwa mikono miwili.

"Nimeruhusiwa kuja mpaka utakaposema mbele ya watu kwamba nilikuwa na udhuru," alisema.

"Ili upumzike?"

"Mimi nimeshapumzika, dada. Huko nilikokwenda, habari za Maramba walikuwa nazo. Nimetumwa kwa ajili yako."

Dorkasi aliuliza habari za moto. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kuhusu moto wa milele, mpaka siku moja mtoto akajikojolea.

"Upo," alisema Ruthi. "Lakini nilionyeshwa nafasi yako. Ni chumba. Kuna mkeka, birika na kikombe kimoja. Hapigi hodi mtu. Na Mungu hayupo, Dorkasi. Unakaa tu, unajua kwamba hayupo."

"Mlango je?"

"Sikuuona."

Dorkasi akaongeza sukari.

Jumuiya ilimzoea Ruthi upesi. Kristofa alimfanya mfano: marehemu anawahi, nyinyi wazima mnagaragara vitandani. Alimpa hata kusoma somo, akalisoma bila kukwama. Mwaka wa tatu mama mmoja kijana, Precious, aliuliza kama sasa haingefaa waende kumsalia kaburini. Kristofa alimjibu kwa upole kwamba muda wa kutenda mema ni huu wa uhai. Mtu akishakufa haongezi kitu, ndivyo Kanisa linavyofundisha, na hayo mahudhurio mapya hayafuti yale ya zamani. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno. Dorkasi alikuwa na kalamu mkononi. Akaandika tarehe.

Siku hiyo, wawili hao walipobaki, aliuliza lile lililokuwa likimkera.

"Nikishasema, utarudi?"

"Sitarudi. Kazi itakuwa imekwisha."

"Hata mara mojamoja?"

"Tutaonana huko."

"Na nisiposema?"

"Nitakuja hivihivi mpaka siku yako ya mwisho. Baada ya hapo hatutaonana tena. Milele, mwenzangu. Usilichukue hilo neno kama unavyowaimbisha watoto."

Dorkasi alilifikiria bila papara. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Mama yake alifariki akiwa na tisini, na shangazi alivuka hapo akiwa bado anatwanga kisamvu mwenyewe. Jumamosi zilikuwa nyingi. Na nyumba, Ruthi akishatoka, ilikuwa kimya kiasi kwamba alisikia jokofu la jirani likiwaka na kuzima.

"Nitasema Kwaresima," alisema. Ndivyo alivyosema hata kabla ya Kwaresima mbili zilizopita.

Ruthi alimtazama tu kwa huruma, kwa muda mrefu, machozi yakimlengalenga. Dorkasi alikuwa hajatazamwa hivyo na mtu tangu mumewe afe. Akatulia pale mkekani atazamwe, na kimoyomoyo akaomba wiki iishe upesi.